Neno Lililongojewa

Mwanamke mmoja alikuwa na binti, akampenda kwa pupa. Mwanamke jina lake Paskazia, binti ni Editruda, mtoto wa darasa la nne, na walikaa katika kijiji cha mlimani ambako nyumba ziko juu na maji yako chini. Mtoto huyu kusoma alijua. Nawaambieni mapema msije mkamdhania mjinga. Akiwa peke yake nyuma ya nyumba alisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: anajaribu, anakanyaga, anajaribu tena. Ila akitazamwa, akifika kwenye neno refu alisimama.

Na akisimama, mama yake hakuvumilia. Paskazia naye utotoni alisimama hivyo hivyo mbele ya darasa, na kila aliposimama fimbo ilimshukia mabegani. Shule aliiacha, fimbo haikumwacha. Kwa hiyo mwanawe aliponyamaza, yeye alisikia fimbo inakuja, akamrushia lile neno upesi limkinge. Mtoto alilidaka, akalisema, akasonga mbele. Siku zikaenda hivyo, mpaka mtoto akaacha kulitafuta neno mwenyewe. Alikuwa akifika mahali pagumu ananyamaza tu, anangoja la mama.

Sasa kijijini kwao jumuiya ya kanisa husali nyumba kwa nyumba, na nyumba inayopokea sala ndiyo inayotoa mtoto wa kusoma somo. Zamu ya Paskazia ilipofika, mikeka ikatandikwa, Editruda akasimama na kitabu, mama akakaa nyuma yake akinong'ona. Alianza kwa neno moja moja, akaishia kwa mistari mizima, na mtoto akawa anafuata kama mwangwi. Wakati wa sala hakucheka mtu. Walipokuwa wanakunywa chai ndipo jirani yao, Mama Fridolini, mwenye ulimi usiojua kulala, akasema, "Paskazia, umesoma vizuri mwenzangu. Mtoto ulimsimamisha wa nini, akushikie kitabu?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha chai, kisicho na ubaya. Lakini Editruda alikuwa mlangoni na sinia la mihogo, akasikia.

Tangu hapo sauti ya mtoto ikaanza kukauka. Kitabu alikikataa. Shuleni akiitwa kusoma, alisema tumbo linamuuma. Halafu hata nyumbani, ukimwita anakuja bila kuitika, ukimwuliza anatikisa kichwa. Paskazia akaogopa, na kwa kuogopa akazidi kumsaidia: mgeni akimwuliza mtoto jina lake, aliyejibu ni mama. Na huku zamu ya sala ilikuwa imezunguka, inarudi kwao. Mzee Kanuti, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja kuuliza kwa upole kama aombe msomaji nyumba ya pili. Paskazia akasema atampa jibu siku yenyewe. Aliona kwamba akikubali, mwanawe hatafungua tena kinywa mbele za watu. Na akikataa, huenda akamwaibisha mara ya pili.

Asubuhi ya siku ile walishuka mtoni, mama na binti na majirani. Njia ya kupandia ni nyembamba na kali, na wanawake wa pale wana sheria yao juu yake. Mwenye ndoo kichwani akichoka akasimama, walio nyuma nao husimama. Hapitwi, hasukumwi, wala haguswi ndoo yake, maana shingo ikishaisawazisha ndoo halafu mkono wa mtu ukaja kuisaidia, maji humwagika na wote wawili huteleza. Humwambii kitu. Unasimama na mzigo wako, unatazama bonde, mpaka miguu yake iwe tayari.

Editruda alikuwa ametangulia. Katikati ya mwinuko akasimama. Mama akasimama nyuma yake, na nyuma ya mama Mama Fridolini, na wengine wote, ndoo vichwani. Hata Mama Fridolini alinyamaza. Mtoto akapumua, maji yakatulia, akapanda. Walipotua mizigo uani kwao, akamgeukia mama yake, na mtoto huyu hakuwa amemwambia sentensi nzima kwa muda mrefu.

"Mama, mbona njiani huwa mnaningoja?"

Paskazia akaingia jikoni, akainjika maji ya chai. Baadaye, wamekaa jikoni, akamwuliza mtoto kama leo atasoma, akangoja. Maji ya chai yakachemka, yakafurika motoni, hakuinuka. Mtoto akasema atasoma. Mama akatoka kwenda kumwambia Mzee Kanuti kwamba msomaji yupo.

Alasiri watu wakaja. Safari hii Paskazia alikaa mbele ya mwanawe, mikono mapajani. Mstari wa kwanza ukapita. Katika wa pili lilikuwamo neno refu, na mtoto alipolifikia akasimama. Nyumba nzima ikanyamaza. Kuku akaja mlangoni, akatazama watu, akaondoka. Mzee Kanuti, kwa huruma tu, aliinua kichwa alitamke lile neno. Paskazia akamtazama, naye mzee akainamisha kichwa. Mama Fridolini aligeuza macho dirishani, kama mtu aliye na ndoo kichwani. Na Paskazia mwenyewe aliisikia ile fimbo ya zamani inakuja. Aliuma mdomo, akaiacha ije. Haikumpiga mtu. Mtoto akalisema neno akakosea, akasikia kwamba silo, akarudi nyuma, akalisema sawasawa. Akaendelea. Mbele akasimama tena, na mbele tena, na kila aliposimama walimngoja. Somo lilikuwa refu siku ile, watoto wadogo walisinzia mikekani. Mwisho Editruda akasema, "Neno la Bwana," kwa sauti nyembamba iliyopasuka katikati, wala hapakuwa na sauti nyingine pamoja nayo, na watu wote wakamwitikia yeye.

Ninyi mlio wazazi, na ninyi mnaofundisha, nawauliza kwa upendo: mtoto anaponyamaza katikati ya neno, hasa ni nani asiyekiweza kile kimya, ni yeye au ni wewe?