Shamba la Mwisho la Lukoro

"Maji ya njia moja hufika shamba la mwisho." Mmeisikia leo mkutanoni, mwenyekiti alipowaomba vijana wa vitongoji vyetu vitatu muwe na sungusungu moja, nanyi mkapiga makofi kama watu walioelewa. Kumbe mlikuwa mnakuja jikoni kwangu kuuliza maana yake! Haya, vuteni ungo huo mpukuchue maharage, maana mimi siwasimulii watu wenye mikono mitupu. Methali hiyo chimbuko lake ni hili.

Zamani sana, ardhi ilipokuwa imebana kule mlimani, koo tatu zilishuka na kufungua makazi mapya huku chini, kila ukoo na kijiji chake. Waliotangulia walijenga Kisaro, juu kabisa. Wa pili wakajenga Mwenti, katikati. Wa mwisho hawakupata pengine ila Lukoro, hapa chini, mpakani na nyika. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake na pembe yake ya kuitia watu, na kilipeleka salamu na mazao ya kwanza kwa wazee wake wa mlimani. Walioana na walizikana, lakini ukimwambia mtu wa Mwenti kwamba yeye na wa Kisaro ni wamoja, alikuona umemtukana.

Kitu kimoja tu walishirikiana, nacho ni ndiva. Ninyi mmezoea bomba, kwa hiyo niwaeleze. Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa juu ya Kisaro kukinga maji ya kijito. Likijaa, alfajiri lilizibuliwa, na maji yote yakaenda kwa mfereji mmoja hadi kwenye kijiji chenye zamu siku hiyo. Leo Kisaro, kesho Mwenti, keshokutwa Lukoro. Aliyelinda zamu hizo alikuwa mzee mmoja wa Kisaro aitwaye Kiangi, mtu mpole, mwembamba, mwenye jembe begani wakati wote. Hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wakubwa. Kwao alikuwa mzibuaji wa maji, basi.

Kiangi alikuwa na binti mmoja, Nakundwa, aliyeolewa Lukoro. Shamba la Nakundwa na mumewe ndilo lililokuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji. Walilifyeka wenyewe, kisiki kwa kisiki, na mtoto akiwa mgongoni.

Sasa sikilizeni upumbavu wa babu zetu. Walikuwa na mila kwamba mtu haingii kwenye ardhi ya kijiji kingine, awe na jembe au silaha, mpaka aalikwe kwa kibuyu cha dengelua. Mkitaka msaada wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja shambani, pikeni pombe ya miwa, pelekeni kibuyu, jirani ataonja, ndipo atavuka mtaro wa mpaka. Ni mila nzuri kwa kazi ya kulima. Inawafundisha watu kuombana kwa heshima.

Siku moja ya kiangazi, jua likiwa juu kabisa, wavamizi walitoka nyikani wakaingia Lukoro. Walikuwa watu thelathini. Pembe ya Lukoro ikalia, moshi ukapanda. Wanaume wa Mwenti wakaisikia, wakachukua mikuki na pinde, wakakimbia mpaka kwenye mtaro wa mpaka. Wakasimama hapo! Wakapanga mstari mzuri kabisa, wakawa wanaulizana, "Kibuyu kimefika?" Wa Kisaro hawakushuka kabisa, maana nao walingoja kibuyu cha Lukoro na ruhusa ya kupita Mwenti. Nyumba zikaungua mbele ya macho ya watu arobaini wenye silaha. Nakundwa alijificha ndani ya mfereji, chini ya matete, amemziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Ng'ombe walichukuliwa wote. Watu saba walichukuliwa, na sitawadanganya, hawakurudi kamwe.

Kesho yake Mwenti walileta pole na unga. Mkuu wao, Kajiru, alisema, "Jana tulikuwa tayari kabisa." Mpaka leo nikifika hapo katika hadithi hii nakasirika.

Watu wa Lukoro wakakata shauri kwamba wakishavuna watarudi mlimani. Nakundwa akapanda hadi kwenye ndiva kumuaga baba yake.

"Baba, tunahama. Mume wangu atakwenda kukaa kwa kaka zake."

"Kaka zake wana shamba la kuwapa?"

"Hawana. Watatupa kona ya kulala."

Kiangi akatazama chini, kuelekea Lukoro. Alilijua shamba lile, maana ndiye aliyekuwa akifuatilia maji mpaka mwisho wake kila siku ya tatu, na alijua binti yake angegeuka kibarua kwenye mashamba ya mashemeji. Siku hiyo hiyo akaenda kuwaita wakuu watatu.

Walikuja, kwa kuwa walidhani ni habari za zamu. Kiangi akawaambia, "Wakuu wangu, naomba tufanye baraza moja la vijiji vitatu. Kila kijiji kitoe wazee watatu. Mambo ya ndoa, mashamba na matambiko kila mtu aendelee nayo kwake. Lakini adui akija, pawe na mlio mmoja wa pembe unaotiiwa na wote, na kiongozi mmoja, na pasiwe na kibuyu."

Ungedhani amewaambia waende uchi. Mrutu, mkuu wa Kisaro, alicheka. "Nyika iko mbali na Kisaro. Sisi huku juu tunaogopa nini?" Kajiru akasema pembe yake aliachiwa na baba yake, na hawezi kuitikia ya mwingine kama mbuzi anayeitwa zizini. Na Mbonea, mkuu wa Lukoro, ambaye nyumba yake ilikuwa bado inanuka moshi, mnajua alisemaje? "Kuliko kuwa chini ya Mrutu, afadhali nirudi mlimani na pembe yangu." Wenye kiburi ni wengi duniani, wajukuu zangu, lakini mwenye kiburi aliyeunguliwa nyumba huyo ni wa pekee.

"Nimewaelewa," Kiangi akasema. "Kila kijiji na chake."

Alfajiri iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuna mlinzi wa ndiva aliyewahi kulifanya. Badala ya kuyaacha maji yote yaende kwa mwenye zamu, aliyagawa mafungu matatu, akafungua milango ya mfereji ya vijiji vyote kwa wakati mmoja. Na adhabu ya kuchezea maji aliijua. Angeweza kufukuzwa katika kijiji chake, uzeeni, na jembe lake begani. Akafanya hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Siku ya nne wakuu walipanda wakiwa wamefura, na nyuma yao nusu ya watu wa vijiji vyote. Nakundwa naye alikuwamo.

"Mzee, umetuua!" Mrutu alipiga kelele. "Maji yanaishia katikati ya shamba langu la kwanza!"

"Kwangu yanazama kwenye mchanga," Kajiru akasema.

"Kwangu hayajafika hata tone," akasema Mbonea.

Kiangi akashusha jembe. "Wakuu, sijapunguza maji hata kata moja. Nimewapa mlichokitaka hapa hapa. Kila kijiji na maji yake kila siku. Hakuna anayemngoja mwenzake, hakuna aliye chini ya mwingine."

"Lakini hayafiki!"

"Hayafiki," Kiangi akakubali.

Watu wakaanza kunong'ona. Kajiru hakuwa mjinga, aliona anapelekwa wapi. "Usituzungushe, mzee. Maji ni maji na mkuki ni mkuki."

Hapo Nakundwa akatoka kwenye kundi la wanawake, akapiga goti kumwamkia, kisha akasema bila kuinua sauti, "Baba Kajiru, nikuulize kwa heshima. Siku ile mtaroni mlikuwa wangapi?"

Kajiru akajibu, "Arobaini."

"Na Kisaro wana wanaume wangapi wenye silaha?"

"Hamsini," Mrutu akajibu, bila kuulizwa.

"Sisi Lukoro tulikuwa ishirini na watano. Waliokuja walikuwa thelathini." Akamtazama Kajiru. "Nilikuwa ndani ya mfereji, baba. Niliiona miguu yenu imesimama mtaroni."

Kajiru, mtu mzima yule, alitazama miguu yake mwenyewe, na wanasema machozi yalimtoka mbele ya watu. Mbonea akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Sawa. Lakini nani atatangulia? Hilo ndilo linalotushinda."

"Kwenye maji nani hutangulia?" Kiangi akauliza. "Mwenye zamu. Na leo mwenzako akiwa na zamu, wewe huwi mtumwa wake, kwa sababu kesho ni yako. Uongozi nao uzunguke hivyo hivyo, msimu kwa msimu. Pembe zenu bakini nazo. Ila milio mitatu mirefu, ikipigwa popote, iwe ya wote."

Wakakubali. Siyo kwa furaha, msidhani. Walibishana mpaka jua likageuka kuhusu nani aanze, na Kisaro ikapata msimu wa kwanza kwa vile ndiyo iliyo juu. Kisha, kwa kuwa mila ni mila, wakamtoza Kiangi beberu mmoja kwa kosa la kuvuruga zamu. Beberu yule alichinjwa pale pale, na nyama yake ndiyo waliyoilia kiapo. Kiangi alikula pia, na inasemekana alisifu sana ladha yake.

Lukoro wakavuna, lakini walisema watangoja kwanza waone. Mizigo ya Nakundwa ilikuwa imefungwa tayari, imeegemezwa ukutani.

Wavamizi walirudi asubuhi moja, umande ukiwa umekauka tu. Pembe ya Lukoro ikalia mara tatu, mirefu. Mwenti wakaipokea, wakaipiga. Kisaro wakaipokea. Wa Mwenti wakakimbia hadi kwenye mtaro, na huko, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, miguu ikasimama yenyewe! Wakatazamana. Ndipo Mrutu, aliyesema nyika iko mbali, akatokea juu na watu wake hamsini, tumbo likitangulia, jasho likimtiririka, akawapigia kelele, "Mnangoja nini? Vukeni!" Naye akawa wa kwanza kuruka mtaro, akaanguka, akainuliwa, akaendelea kukimbia.

Wavamizi walitazama mteremko na kuona zaidi ya watu mia moja wakishuka kwa sauti moja. Hawakurusha hata mshale. Waligeuza, na vumbi lao likaonekana mbali sana nyikani. Siku hiyo hakufa mtu, na ng'ombe wachache walioanza kufugwa upya walilala zizini mwao.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Lukoro. Kiangi alizibua ndiva alfajiri, akayafuata maji kama desturi yake, akapita Kisaro, akapita Mwenti, na kila alipopita watu walimwamkia kama wanavyomwamkia mkuu. Alipofika mwisho alimkuta Nakundwa amesimama kwenye tuta la mwisho la shamba lake. Maji yakaingia taratibu, yakageuza udongo rangi, yakamfikia vidoleni.

"Mizigo yako imefungwa bado?" Kiangi akauliza.

"Nimeifungua jana, baba." Akainama, akateka maji kwa kiganja, akanawa uso. Alikuwa akicheka na kulia. "Maji ya njia moja hufika shamba la mwisho."

Hivyo ndivyo ilivyosemwa mara ya kwanza, na aliyeisema ni nyanya yake nyanya yangu. Hakuhama. Maharage mnayopukuchua yametoka kwenye shamba lile lile. Na wewe Mndeme, usijifiche nyuma ya mwenzako, nilikusikia mkutanoni ukisema kila kitongoji kiwe na walinzi wake. Kesho asubuhi utakwenda kujiandikisha, na akikuuliza mtu kwa nini umebadili mawazo, umjibu alivyosema Nakundwa: maji ya njia moja hufika shamba la mwisho.