Kioo Kilichorudi Kitupu

Wahenga walipotunga methali inayowafanya watu wazima wainamishe macho, hawakuwa wakitafuta kicheko. Walikuwa wamewaona watu kama Ndinda.

Ndinda alikuwa mchumaji wa kahawa kule Ruiru, mwaka wa 1957. Yeye na mumewe Muthoka walikuwa bado hawajajaliwa mtoto, na sasa damu ilimtoka ovyo, hata siku zisizokuwa zake. Alimficha mumewe, akawaficha wachumaji wenzake, usingizi ukampaa. Hofu ilipomzidi alipanda gari moshi hadi hospitali moja ya Thika. Daktari alimfuta mlango wa kizazi, akaupaka ute alioutoa juu ya kipande cha kioo na kukipeleka Nairobi. Ndinda alielezwa kwamba mwili huambua chembechembe kila siku, na zikitazamwa kwa darubini huonyesha kama kuna ugonjwa.

Alirudi kwenye kambi ya wachumaji roho juu juu. Alichuma kahawa mbichi pamoja na mbivu hadi nyapara akamfokea. Aliporudi Thika akaambiwa kioo hakikuonyesha kitu. Akashusha pumzi, akajifunga leso aondoke.

Muuguzi mmoja, Nafuna, alimzuia. Kioo cha mtu anayevuja damu kitakuwaje kitupu?

"Dada, ulijisafisha kabla ya kuja?"

Ndinda alishangaa. Mwanamke gani aliyelelewa vizuri angempelekea daktari uchafu wake? Alfajiri ile alikuwa amejisugua kwa sabuni na maji ya moto, nje na ndani, mpaka pakawasha.

"Basi uliziosha zile chembechembe tulizotaka kuona," Nafuna alisema. "Rudi Jumatatu. Ndani usiguse. Njoo ulivyo."

Jumatatu ilipofika, maji yalichemka mbele yake. Aliona heri afe na heshima yake. Kisha akamfikiria mtoto ambaye hajamzaa, akayamwaga maji nje. Ndani ya gari moshi alijitenga na watu, aibu ikimchoma.

Kioo cha pili kilisema yote. Ugonjwa ulikuwapo, ila ulikuwa mchanga, mlangoni tu. Daktari alikata sehemu ndogo, kizazi akakiacha.

Baada ya mwaka na ushei Ndinda alijifungua mtoto wa kike. Wanawake wa kambi walipokuja kumwona walimnong'oneza wakitaka kujua alitumia dawa gani. Aliwasimulia kwa sauti, maji na sabuni na yote. Wengine walicheka. Mmoja wao, Mukonyo, hakucheka. Alijifunika uso kwa leso, akasema naye anatokwa damu tangu mavuno yaliyopita.

"Kesho twende Thika," Ndinda alimwambia. "Na usijisafishe."

Kweli, mficha uchi hazai.