Sikuzani na Fundi Mwenye Jino Bovu

Paukwa!
— Pakawa!
Nguzo!
— Zimesimama!
Mapau!
— Yamelala!
Basi tulieni, niwaambie kwa nini yamelala upande ule na si upande huu.

Ilikuwapo zamani, na katika zamani hiyo ngiri walivaa kofia. Palikuwa na mwanamke, jina lake Sikuzani binti Mbelwa, wa Kwamkole ya Juu. Nasema ya Juu. Kwamkole ya Chini ni kwingine, na watu wake ni wengine.

Sikuzani aliachiwa shamba na mama yake, akalima viazi vitamu. Na desturi ya Kwamkole ilikuwa hii: shamba likikosa mavuno misimu mitatu mfululizo, jumbe hulitoa kwa mtu mwingine. Hakuna kulia, hakuna kubembeleza.

Msimu wa kwanza, marando yalipoanza kutambaa, akaja fundi. Kofia kichwani, keekee ya kutobolea begani, kitambaa kimezungushwa taya zote mbili.

"Hodi, mama! Mimi Fundi Mateso. Naona shamba halina uzio."

"Karibu, fundi. Una nini mdomoni?"

"Jino, mama. Tena kubwa."

"Pole sana. Basi nikate mti gani?"

"Msufi! Mweupe, mwororo, mwepesi. Pau zima unalibeba kwa kidole!"

Sikuzani akakata msufi. Akasimamisha nguzo, akapigilia mapau, akafurahi. Mchwa nao wakafurahi. Viazi vilipokomaa, uzio ulikuwa unga mtupu. Ngiri wakaingia, wakala, wakaacha mashimo.

Msimu wa pili, fundi huyo! Kofia, keekee, kitambaa.

"Loo, mama, ulikata msufi?"

"Si wewe uliyesema?"

"Mimi? Labda jino ndilo lililosema. Kata mpingo kwa nguzo, mninga kwa mapau. Lakini usichimbe sana! Shubiri moja yatosha, nguzo ipate kupumua."

Sikuzani akakata mpingo, akakata mninga. Mpingo haupokei msumari, msumari utapinda bure. Alitoboa kila tundu kwa keekee, mikono ikatoka malengelenge. Akachimba shubiri moja. Viazi vilipokomaa, ngiri mmoja aliegemea nguzo kama mtu anayejikuna. Nguzo ikalala. Wakaingia, wakala, wakaacha mashimo.

Sikuzani akakaa juu ya tuta, shavu mkononi. Msimu mmoja tu umebaki! Akatazama chini. Akaona nyayo za ngiri, kwato mbili mbili, na ukwato mmoja wa kushoto umepasuka ncha. Akainuka, akaenda mlangoni kwake, mahali fundi aliposimama akisema habari za nguzo kupumua. Kwato mbili mbili. Wa kushoto umepasuka ncha.

Ninyi mngefanya nini? Mngepiga yowe? Sikuzani alichukua jembe, akachimba. Hakuchimba shubiri, alichimba dhiraa mbili. Akachoma ncha za nguzo motoni zikawa nyeusi, mchwa zisiwapendeze, akazisimamisha tena, akashindilia mawe na udongo mpaka zikasema ndii!

Msimu wa tatu, fundi huyo!

"Mama, nguzo ni nzuri mno! Sasa mapau yapigilie upande wa ndani. Wapita njia waone nguzo tupu, zinameremeta."

"Ndani, fundi?"

"Ndani, mama. Nje ni ushamba."

Alipoondoka, Sikuzani alipigilia pau moja kwa ndani, akatoka nje, akalisukuma kwa bega. Kaa! Misumari ikang'oka. Akalipigilia tena, akaingia ndani, akasukuma kwa bega. Kimya. Akasukuma kwa mgongo. Kimya. Pau lilikuwa limeegemea nguzo, na nguzo imeegemea dunia.

Sikuzani akacheka peke yake mpaka khanga ikamdondoka.

Akayapigilia yote kwa ndani, matatu matatu, na chini akapanga mawe. Mlangoni mwa uzio tu hakutia msumari. Alitoboa nguzo mbili matundu makubwa, akachonga mapau matatu ya kuchomeka na kuchomoa.

Siku ya jumbe kuja kukagua ikafika. Asubuhi na mapema Sikuzani akachomoa mapau ya mlangoni, akajificha nyuma ya kichaka. Ngiri hao! Baba, mama, watoto saba, mikia juu kama bendera.

"Tazameni!" akasema baba, kitambaa kimeshamtoka, meno yake marefu nje. "Leo hata kusukuma hatusukumi!"

Wakaingia mbio. Sikuzani akaruka! Pau la kwanza, pwaa! La pili, pwaa! La tatu, pwaa!

"Hujambo, Fundi Mateso? Jino limepona?"

Watoto wakalia. Baba akacheka. "Msiogope, wanangu. Mapau yako ndani, nilimshauri mwenyewe. Sukumeni kidogo tu, yaanguke."

Wakasukuma. Kimya. Wakasukuma wote pamoja. Kimya. Wakarudi nyuma, wakaja mbio. Vichwa vikalia kama ngoma, pau halikutikisika.

"Mume wangu," akasema mama ngiri, "ulimshauri nini hasa?"

"Mama Sikuzani," akasema baba, sauti imekuwa ndogo, "tufungulie."

"Chimbueni viazi vyangu kwanza. Tuta kwa tuta. Mkiuma hata kimoja, napiga yowe, na Kwamkole nzima ina mikuki."

Ee, walichimbua! Pua chini, udongo juu! Wanaume kumi wasingeweza. Mate yaliwatoka, hawakuonja. Adhuhuri viazi vilikuwa lundo kama kibanda, Sikuzani akachomoa mapau, na ngiri wanakwenda zao vichwa chini.

Jumbe akafika, akalizunguka lundo mara tatu. "Sikuzani binti Mbelwa, shamba ni lako. Nani amekusaidia?"

"Fundi mmoja, jumbe. Ana jino."

Kesho yake Sikuzani akang'oa mapau yote, akayahamishia upande wa nje, yalipo hadi leo, ngiri akisukuma yaegemee nguzo.

Na ngiri? Tangu siku ile haingii mahali kwa kichwa. Mwangalieni shimoni kwake: huingia kinyumenyume, macho yako mlangoni, aone kama kuna mtu anachomeka pau.

Hadithi yangu nimeifikisha nguzo ya mwisho. Iliyo tamu ibaki ndani, iliyo chungu itoke nje, nami nachomeka pau.
— Pwaa!