Makaburi Mawili ya Nyamizi

Paukwa!
Pakawa!
Kuna aliyelala?
Hakuna!
Na aliyenuna je?
Anune huku akisikiliza!

Haya. Hapo kale palikuwa na nchi ya mlimani, ikiitwa Ulembo. Walembo walikuwa chini ya mfalme wa bondeni tangu enzi za babu wa babu zao. Mfalme huyo hakuwa mbaya sana. Hakuwa mwema sana. Alikuwa mbali, basi. Siku moja akasema, "Nimechoka na manung'uniko yenu. Mnataka kujitawala? Amueni wenyewe."

Wakaleta mitungi miwili, mtungi wa Tutoke na mtungi wa Tubaki. Kila mtu mzima alipita nyuma ya jamvi lililotundikwa, na kokoto yake, akaitumbukiza alikotaka. Walipomaliza kuhesabu, Tubaki walikuwa wameshinda, lakini kwa kokoto chache, za kujaa kiganja cha mtoto.

Mnadhani watu walirudi mashambani kulima? Thubutu!

Kisimani, kina Tutoke walisema, "Nyie mmeizoea kamba kama mbuzi." Sokoni, kina Tubaki walijibu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani!" Na ngomani, wapigaji waligawana ngoma. Hawa wakapiga huku, hawa wakapiga kule, na hakuna mguu uliojua ufuate wapi.

Nyumba moja tu haikugombana. Ilikuwa nyumba ya Kasubi, mchonga mizinga ya nyuki, na mkewe Nyamizi. Kasubi alitia kokoto yake kwa Tutoke. Nyamizi alitia kwa Tubaki. Waliporudi nyumbani mke akacheka, "Bwana wee, kura yangu imeimeza yako."

"Imeimeza," Kasubi akasema, "lakini itavimbiwa."

Wakala ugali sahani moja.

Kisha homa ikamshika Nyamizi. Kasubi alimpa dawa za majani, akamkanda, akamwita mganga. Alfajiri moja Nyamizi akafa.

Hapo, wenzangu, tunyamaze kidogo.

Kasubi alikaa kando ya mkewe mpaka kukapambazuka. Alitaka kitu kimoja: Nyamizi azikwe kabla jua halijazama, katika kaburi moja, na watu wote. Kwa Walembo maiti halazwi siku ya pili, na aliyezikwa na nusu ya watu husemwa amezikwa nusu.

Akaenda kwa Magaka, kiongozi wa Tutoke.

"Pole sana, ndugu yangu," Magaka akasema. "Wewe ni wetu, na uwanja ni wako. Tutachimba sisi, upande wa juu wa nyumba. Ila Lugembe na watu wake wakifika, tunaweka majembe chini."

"Magaka, huyu ni mke wangu. Si kokoto."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Akaenda kwa Lugembe, kiongozi wa Tubaki, binamu yake Nyamizi.

"Pole, shemeji. Nyamizi alikuwa wetu kwa damu na kwa kura. Tutachimba sisi, upande wa chini wa nyumba. Ila Magaka na watu wake wakifika..."

"Mnaweka majembe chini."

"Umejuaje?"

Kasubi akageuka. Akarudi nyumbani. Jua lilipofika utosini palikuwa na makaburi mawili, moja juu, moja chini, na maiti mmoja katikati.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Kwa Walembo kaburi likichimbwa haliachwi wazi, kwa maana kaburi lenye njaa huita mtu. Likikosa maiti, huzikwa mgomba ndani yake, na mgomba huo huliliwa kama mtu. Kina Tutoke wakasema, "Mgomba uende kule kwao." Kina Tubaki wakasema, "Mgomba uende kule kwao." Kasubi akatazama juu, akatazama chini. Akichagua juu, amewatukana ndugu za mkewe. Akichagua chini, amewatukana wenzake. Na jua halimsubiri mtu. Lilikuwa limeshaanza kuteremka.

Ndipo kilio kikasikika kutoka njia ya mtoni.

"Nyamizi wee! Mwizi wa kuku zetu! Umekufa na ungo wangu hujaurudisha!"

Alikuwa Bibi Kalekwa wa ng'ambo ya mto. Watu wa ng'ambo na Walembo ni watani. Na mtani, mnamjua. Hutukana msibani na hakasirikiwi. Huingia kaburini akalala, na hatolewi kwa nguvu. Hutolewa kwa kupewa anachotaka. Tena kura ile haikumhusu. Hakuwa na kokoto katika mtungi wowote.

Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja.

"Mtani," Kalekwa akamwuliza, "mbona makaburi mawili? Mkeo alinenepa kiasi hicho?"

Kasubi akamweleza yote. Mwisho akasema, "Mtani wangu, nimechoka. Nataka tu alale."

"Atalala," Kalekwa akasema. "Nishikie fimbo."

Akapanda juu, akaingia kaburi la kina Tutoke, akalala chali.

"Uuuwi! Magaka! Kaburi gani hili limepinda kama mkia wa mbwa? Ardhi tu imekushinda kuikata, ulitaka kuikata nchi?"

Kina Tubaki wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Akatoka, akashuka, akaingia kaburi la kina Tubaki, akalala chali. Magoti yake yakachungulia nje.

"Uuuwi! Lugembe! Kaburi gani hili fupi? Mmezoea kuishi mmejikunja, mnataka na wafu wajikunje?"

Sasa kina Tutoke ndio waliocheka, na Magaka akapiga paja.

Kalekwa hakutoka.

"Toka, Bibi, jua linakwenda," Lugembe akasema. "Unataka kuku?"

"Kuku nimekula kwangu."

"Unataka pombe?"

"Ya kwenu ni chachu."

"Unataka nini basi?"

"Makaburi yote mawili nimeyakataa. Chimbeni la tatu, hapa katikati. Magaka ashike jembe, Lugembe azoe udongo. Watu wenu wapokezane hivyo hivyo. Na haya mawili, kina Tubaki wazike mgomba kule juu, kina Tutoke wazike mgomba huku chini. Kila mmoja alilie shimo la mwenzake. Na mlie vizuri, nitakagua machozi!"

Watu wakanung'unika. Magaka akamtazama Lugembe, Lugembe akatazama mti. Hakuna aliyesogea.

Kasubi akachukua jembe lililokuwa limelazwa chini. Akasimama katikati ya uwanja, akapiga pigo la kwanza.

"Mtani amesema," akasema. Akamnyooshea Magaka mpini.

Magaka akaupokea. Lugembe akavua shuka begani, akainama kuzoa udongo. Ndipo Kalekwa akatoka kaburini.

Walichimba bila neno. Kisha pakawa na neno moja: "Sogea." Kisha mawili: "Shika hapa." Udongo ukatoka. Nyamizi akateremshwa na mikono ya huku na mikono ya kule, na jua bado lilikuwa juu ya kilima. Kasubi akatia konzi ya udongo. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu alfajiri.

Wakaja kwenye migomba. Kina Tubaki walilia kule juu kwa mzaha, "Ewe mgomba, umetuachia ndizi mbichi!" Watu wakacheka. Zamu ya Magaka ikafika. Akasimama juu ya shimo fupi, akaanza naye kwa mzaha, "Ewe mgomba wetu..." Mzaha ukaishia hapo.

"Nilitaka," akasema. "Nilitaka mwanangu azaliwe katika nchi yake."

Machozi yakamtoka, ya kweli. Tangu kura ile, wenzangu, walioshindwa walikuwa wamekasirika tu. Hawakuwa wamelia. Na walioshinda walikuwa wameshangilia tu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewapa pole.

Lugembe akatoka kule juu, akashuka polepole mpaka karibu naye.

"Pole, Magaka. Ulitaka sana. Tuliona."

Magaka akajifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Ahsante. Na wewe hongera." Akamkazia macho. "Lakini mlikosea."

"Hatukukosea."

"Mlikosea vibaya sana."

"Enhe!" Kalekwa akapiga kelele. "Bisheni! Sasa mnabishana kama watu."

Chakula cha msiba kikapakuliwa. Magaka akakaa kulia kwa Kasubi, Lugembe akakaa kushoto, na wote wawili wakashika bakuli moja wakibishana juu ya kichwa chake: habari za mfalme, za ushuru, za nani angelinda mpaka. Mmoja akasema, mwingine akakata. Vipande vya ugali vikapunga hewani.

"Tusamehe, ndugu yetu," Magaka akasema ghafla. "Una msiba, na sisi tunakupigia kelele."

Kasubi alikuwa ameanza kula. Akameza.

"Bisheni," akasema. "Nyumba ilikuwa kimya mno."

Na hadithi yangu imefika kizingitini, haiingii ndani. Mliokubaliana nayo, lalani nayo. Mliokataa, kataeni kwa sauti, nami niwasikie.