Blanketi la Viraka la Mzee Mbwilo

Akina mama wa usharika walishona blanketi zito la viraka lichezewe bahati nasibu, kanisa lipate paa. Mzee Mbwilo, mwenye malori ya mbao, alilitamani kufa. Alinunua tiketi moja tu, maana alikuwa mkono wa birika hata kwa Ngailo, mlinzi wake, aliyejifunika gunia getini. Ngailo naye alikuwa na tiketi.

Mzee akamwendea Mama Atupele, mchota tiketi.

"Yangu nimeikunja pembe. Ukiipapasa kapuni, itoe. La sivyo, mbao za paa msizitegemee."

"Hilo dogo, Mzee. Ila ukiondoka na blanketi papo hapo watu watanung'unika. Shusha mbao mapema, na ukishinda lirudishe lichezwe tena, kama tunavyorudisha kuku wa mnada. Ukishinda mara ya pili, nani atafungua mdomo?"

Mbao zikashushwa Jumamosi. Jumapili, Mama Atupele akatoa tiketi iliyokunjwa pembe. Mzee akasimama kifua mbele.

"Mimi nani hata nilalie jasho la akina mama? Lichezwe tena!"

Vigelegele! Tiketi ikarudi kapuni, kapu likatikiswa, mkono ukazama tena.

"Ngailo, mlinzi wa Mzee Mbwilo!"

Mzee akakimbilia mbele. "Si tulikubaliana?" akanong'ona.

"Mzee ana neno!" Mama Atupele akamshikisha kipaza sauti. "Hebu lieleze kanisa zima, baba. Tulikubaliana nini?"

Mzee akaligeukia kanisa.

"Bwana asifiwe."

"Amina!" likaitikia kanisa, na Amina kubwa kuliko zote ilitoka ndani ya blanketi.