Bakuli la Tatu la Kiboko

Hadithi, hadithi.

— Njoo, mkeka tumekutandikia.

Niingie na nini?

— Ingia na utamu, uongo uuache nje.

Uongo nikiuacha nje nitawasimulia nini, ninyi? Naingia nao, ila nitaukalisha nyuma.

Hapo kale, kando ya mto wenye tope zuri, palikuwa na kanisa la wanyama. Mchungaji wake alikuwa Korongo, na kazi ilimfaa, maana alizaliwa na kanzu nyeupe na shuka jeusi mgongoni, hakuhitaji kushonewa. Mwenyekiti wa vijana alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na wajukuu saba, lakini kila uchaguzi ulipofika alisimama mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja naye akaujaza, hakuna aliyeweza kupita kwenda kumchagua mwingine. Basi akabaki kijana.

Katika vijana hao alikuwamo Pimbi, binti mdogo asiye na mkia, aliyekaa na bibi yake katika ufa wa jiwe. Bibi Pimbi hakuwa na meno wala nguvu za kutafuta chakula, na mwaka huo jua lilikuwa kali. Mchana alikuwa akitafuna hewa, nyamu nyamu nyamu, ili mjukuu wake adhani bibi anakula. Pimbi aliliona hilo na roho ilimuuma sana.

Kila mwaka kanisa lilifanya sikukuu ya mavuno. Kila mtu alileta alichonacho, huyu boga, huyu kunde, huyu mtama, vikajaza kapu kubwa la kumpa mmoja wao anayestahili. Na kila mwaka mwenyekiti wa vijana ndiye aliyeliombea kapu. Maombi yalikuwa marefu, macho ya watu yamefumbwa. Kwapu, kwapu, kwapu. Watu walipofumbua macho, kapu lilikuwa limebarikiwa mpaka chini.

Mwaka huo Mchungaji Korongo alipanda jukwaani akasimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akiwa na neno zito. Akasema kapu litakwenda kwa kijana atakayekuja sikukuuni na rafiki kutoka Kilima cha Mawe. Rafiki, akakazia, si mtu wa kukokotwa kwa sikio ili abatizwe. Vijana wakale kwao, nao waje wale kwetu.

Kilima cha Mawe ni kwa akina Nungunungu, na habari zao zilijulikana. Walikula mizizi michungu. Hawakuimba tenzi; jua likichomoza walitikisa miiba, chaka-chaka-chaka, eti ndiyo sala. Na kubwa kuliko yote, mgeni akifika walimpa mgongo. Habari hizo vijana walizipata kwa Kiboko, naye alizipata kwa mjomba wake, naye mjomba hakuwahi kufika.

Pimbi alirudi nyumbani akamkuta bibi anatafuna hewa. Kesho yake asubuhi akaondoka. Tipu, tipu, tipu, akapanda kilima. Huko akamkuta binti wa Nungunungu, jina lake Sikudhani, anachimba viazi vikuu. Sikudhani alipomwona tu, akampa mgongo. Chaka-chaka-chaka.

Miguu ya Pimbi ilitaka kurudi mtoni bila yeye. Akaizuia, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, nimekukosea nini hata unipe mgongo?"

"Hujanikosea. Nakuonyesha kuwa miiba yangu imelala," akasema Sikudhani. "Na yako je?"

Pimbi naye akageuka. Sikudhani akatazama, akatazama tena. Hapakuwa na miiba, hapakuwa hata na mkia. Akacheka mpaka miiba yake ikaamka. "Wewe umekuja umelala kabisa," akasema, na akamkaribisha nyumbani.

Nyumbani akawekewa bakuli. Sasa, kule mtoni mtoto hufundishwa tangu anyonye: bakuli lisugue mpaka ling'ae, kusaza ni kumtukana aliyepika. Pimbi akala, akasugua. Mama Nungunungu akajaza tena. Pimbi akala, akasugua. Mama akajaza tena. Tumbo likawa ngoma, na Pimbi anaendelea, maana adabu ni adabu. Ndipo akaona nyumba nzima wameacha kula wanamtazama, na Mzee Nungunungu amejisogeza ukutani kumpa nafasi kwenye mkeka.

Pimbi alikuwa na kipaji kimoja ambacho watu wa mtoni walikihesabu kuwa utovu wa aibu: aliuliza. Akamnong'oneza Sikudhani kuna nini.

"Kwetu bakuli tupu linasema," Sikudhani akamjibu. "La kwanza linasema bado nina njaa. La pili linasema chakula kitamu. La tatu linasema nipokeeni niwe mwana wa nyumba hii. Mgeni aliyeshiba husaza tonge moja."

"Na mwana wa nyumba hufanya nini?"

"Kama sisi. Anachimba viazi mpaka mavuno yaishe, anateka maji, anaamkia wakubwa. Na akishakuwa mwana ni mwana, hatumrudishi."

Pimbi alisaza tonge moja, upesi sana.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya kwanza alikwenda kwa ajili ya kapu, nasema kweli, wala tusimtakase bure. Mara ya nne alisahau kabisa habari ya kapu, akalikumbuka njiani akirudi. Sikudhani alimfundisha kuchimba bila kuchubua kiazi, na kila jioni akamfungia kimoja cha bibi. Pimbi alimfundisha haleluya ya sauti ya pili. Waliulizana mambo mpaka jua likazama. Sikudhani alitaka kujua kwa nini watu wa mtoni hufumba macho wakiombea chakula, ilhali mmoja wao anakila.

Habari zikamfikia Kiboko. Ndu, ndu, ndu, akafika kwenye ufa wa jiwe. Akasalimu, "Bwana asifiwe," na kabla ya kuitikiwa akasema kuwa mwenyekiti hawezi kupitwa na mwanachama. Pimbi atampeleka kilimani, naye atapata rafiki mkubwa kuliko wa Pimbi. Akikataa, yeye Kiboko atakuja kukaa kwenye mlango wa bibi, vile anavyokaa kwenye mlango wa kanisa.

Pimbi alimtazama bibi yake. Halafu akasema kwa adabu, "Twende, kaka mwenyekiti."

Njiani Pimbi alimweleza desturi zote, na hakumdanganya hata kidogo. Akamweleza ya mgongo. Akamweleza ya bakuli la kwanza, la pili na la tatu.

"Huyo mwana wa nyumba," akauliza Kiboko, "hula kila siku?"

"Kila siku, kaka mwenyekiti. Ila pia mwana wa nyumba huwa ana—"

"Inatosha. Mimi ndiye mwalimu wa vijana, usinifundishe."

Pimbi ana adabu. Akiambiwa inatosha, hunyamaza.

Walipofika, Kiboko akageuka kutoa mgongo, na uzio wote wa nyuma ukalala. Akina Nungunungu wakafurahi, maana hawajawahi kuona salamu kubwa kiasi kile. Chakula kikaja katika bakuli la kuogeshea watoto. Kiboko akala. Kwapu, kwapu, kwapu, bakuli la kwanza tupu. Mama akajaza. Kwapu, kwapu, kwapu, la pili tupu. Mama akajaza la tatu. Pimbi alikuwa ameshasaza tonge lake. Akasema taratibu, "Kaka mwenyekiti, saza."

"Kusaza ni dhambi," akasema Kiboko. Kwapu.

Vigelegele vikapasua nyumba. Chaka-chaka-chaka, miiba yote ikasali. Mzee Nungunungu alilia machozi. Akasema alikuwa na wana wanane, wote wadogo wadogo, na leo Mungu amemwongezea mmoja mkubwa. Akamkumbatia, jambo ambalo kwa nungunungu huacha alama, kisha akamkabidhi jembe. Jua lilikuwa bado juu.

Kiboko akamtazama Pimbi. Pimbi alikuwa anatazama sisimizi.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Pimbi akaingia kanisani na Sikudhani, wameshikana mikono. Sikudhani akamwendea Mchungaji, akampa mgongo. Vijana wakashika vichwa. Lakini Pimbi alikuwa amekwisha kumfundisha Mchungaji, naye Korongo akageuka, akamwonyesha Sikudhani manyoya ya mkia. Kanisa lote likaona aibu kubaki limekaa, likageuka pia. Ikawa mara ya kwanza katika kanisa lile waliochelewa kutazamwa bila mtu kugeuza shingo.

Korongo akalinyanyua kapu. Lilikuwa zito, mwaka huo hakuna aliyeliombea bado. Bibi Pimbi alikuwa ameketi benchi la nyuma, nyamu nyamu nyamu. Pimbi akasogea mbele kulipokea.

Ndu, ndu, ndu. Chaka-chaka-chaka.

Kiboko huyo mlangoni. Amepungua, jembe begani, na nyuma yake ukoo mzima wa Nungunungu, wazee kwa watoto. "Bwana asifiwe," akasema. "Pimbi kaleta mmoja. Mimi nimeleta arobaini. Mchungaji, naomba kapu."

Na lilikuwa neno la kweli, hilo ndilo lililokuwa baya. Walikuwa arobaini, na walimpenda, hata watoto walikuwa wamempanda mgongoni. Korongo akashusha mguu wake wa pili. Pimbi alisikia moyo unamwanguka, maana mtego alioutega mwenyewe ulikuwa umemrudia. Akatazama benchi la nyuma. Bibi alikuwa ameacha kutafuna.

Pimbi akamgeukia Mzee Nungunungu, akampa mgongo kama inavyopasa, akauliza, "Mzee wangu, huyu Kiboko ni nani kwenu?"

"Ni mwanangu," akasema mzee, kifua mbele.

"Na hawa wote aliokuja nao?"

"Ndugu zake."

"Mchungaji," akasema Pimbi, "ulituagiza tulete ndugu?"

Korongo akajikuna mdomo mrefu, akafikiri. "Niliagiza rafiki," akasema. "Ndugu hata mimi ninao, wala sikuwachagua."

Kiboko akafungua kinywa. Mzee Nungunungu akamtazama. "Mwanangu, wakubwa wakisema, mtoto hufanya nini?"

"Hunyamaza, baba."

"Na kapu zito la bibi wa watu hubebwa na nani?"

Kiboko akashusha jembe begani. "Na mtoto, baba."

Kabla kapu halijaondoka ilibidi liombewe. Sikudhani akaomba, kama si makosa, leo waombe kwa desturi ya kilimani, macho wazi. Wakaomba macho wazi, kila mtu anamtazama mwenzake na wote wanamtazama Kiboko. Walipoitikia amina, kapu lilikuwa limejaa vilevile. Wazee wa kanisa walishangaa sana na kuuita muujiza.

Kiboko akalibeba kapu mpaka kwenye ufa wa jiwe. Pimbi na Sikudhani wakapika boga, wakaliponda laini, wakamwekea bibi. Bibi Pimbi akala, na safari hii hakutafuna hewa. Pimbi alimtazama akila, akamwongezea.

Lakini bibi alikuwa mtu wa zamani, hawezi kumwacha mbebaji aende na njaa. Akampakulia Kiboko bakuli. Kiboko akala polepole, na tonge la mwisho likabaki. Akalitazama. Akatazama shamba la bibi, magugu tupu, halijalimwa mwaka mzima. Akaweka bakuli chini. "Nimeshiba, bibi. Nimesaza."

Bibi Pimbi akakunja uso. Yeye ni wa mtoni. "Kijana," akasema, "chakula changu kina kasoro gani hata unitukane nyumbani kwangu?"

Kiboko akalichukua tonge. Akaachama kulimeza, akakumbuka jembe, akasita. Akataka kulirudisha, akamwona bibi, akasita. Akabaki hivyo, kinywa wazi, tonge mkononi. Na kitu rahisi kabisa, kuuliza, "Hapa kwenu desturi ikoje?", hakikumjia kichwani, maana yeye alikuwa mwalimu. Mpaka leo ukipita mtoni ukamwona kiboko ameachama domo pana, usidhani anapiga mwayo. Bado anafikiria lile tonge.

Sasa mafunzo, maana nikiondoka bila mafunzo Mchungaji atanisema.

Enyi vijana wa kanisa, hadithi hii inatufundisha tukae kwetu. Msimtembelee mtu wa kilima kingine. Mtaanza kwa kupewa mgongo, mtaishia kupewa ndugu arobaini, na Jumapili benchi halitawatosha. Msiulize maswali, kaka mwenyekiti anajua yote, kaambiwa na mjomba. Na chakula kikiombewa, fumbeni macho sana, msije mkamwaibisha mtu.

Chungu changu nimekipakua. Kikiwa kitamu, mkagawane na jirani. Kikiwa kichungu, nirudishieni mwenyewe. Tonge moja nimesaza, nisije nikaambiwa nilale hapa nikalime kesho.