Mtama Uliobaki Ghalani kwa Mtemi

Isome hii polepole, tena usiisome ukiwa na haraka ya kwenda mahali. Ukimaliza, mtumie mtu mmoja anayetegemewa na wengine, awe baba wa nyumba, awe mwenyekiti, yeyote yule. Mimi nimeletewa jana na sijatulia tangu niisome.

Palikuwa na mbuga pana, nyasi tupu mpaka macho yachoke, na watu wake waliishi kwa mtama na ng'ombe. Mtawala wao aliitwa Mtemi Mabelele. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka ulishike tangu mwanzo.

Masika yakikaribia, watu wa mbuga ile walikuwa na desturi yao. Walikusanyika uwanjani kwa mtemi, kila mmoja na mfuko wake wa mbegu, na mtemi akachota konzi ya mtama kutoka kwenye kibuyu mbele yao. Akiumwaga wote, maana yake mvua itakuwa njema, pandeni mbegu zote. Akimwaga kidogo na mwingine akaurudisha kibuyuni, maana yake mwaka una mashaka, pandeni nusu na nusu muiweke. Hapakuwa na hotuba. Mkono wa mtemi ndio uliosema, na watu waliufuata bila kuuliza.

Mtemi naye hakubahatisha. Alikuwako mwanamke aitwaye Holo, ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama upepo wa mbuga na nyota ya Kilimia, kisha kumweleza mtemi anachokiona. Mwaka huo alikuja na uso mzito.

"Mtemi, masika haya yatatuhadaa," alisema. "Mvua ya kwanza itanyesha vizuri na mtama utaota. Kisha itakatika, na jua litachoma kila kilichoota. Mvua yenyewe itakuja baadaye, watu wakiwa wamekwisha kata tamaa."

"Una hakika, mama?"

"Hakika anayo Mungu. Mimi nasema ninachokiona. Rudisha nusu, tutapona."

Mabelele alishika tama. Miaka miwili mfululizo mvua zilikuwa za kubabaisha, na mara zote mbili alirudisha mbegu kibuyuni. Familia kadhaa zilikuwa zimekwisha funga virago na kuhama na mifugo yao. Akirudisha tena, nani atabaki? Aliikumbuka mbuga ya enzi za baba yake, moshi wa majiko kila upande, akaona aibu.

"Na kama umekosea?"

"Nimewahi kukosea," alijibu Holo. "Nikikosea nawe umerudisha nusu, tutavuna nusu. Nikiwa sawa nawe umemwaga zote, hatutavuna kitu."

Mtemi aliyaelewa maneno hayo vizuri kabisa. Hata hivyo alimwapisha Holo kwamba hatamwambia mtu yeyote walichozungumza.

Siku ya kumwaga ilipofika, Mabelele alitoka nyumbani akiwa amekata shauri kurudisha nusu. Aliapa moyoni. Lakini alipochota konzi na kuinua macho, aliwaona watu wake walivyokonda. Mbele kabisa alisimama Kabula, mjane, na binti yake mdogo mgongoni. Kabula hakuutazama uso wa mtemi, aliutazama mkono. Vidole vikaachia, na mtama wote ukaanguka chini.

Vigelegele vilipigwa uwanja mzima. Watu walikumbatiana, wazee wakacheza. Mtemi naye alitabasamu, na kusema kweli alifurahi. Holo alijitanda nguo yake kichwani akaondoka bila kumuaga mtu.

Jioni ile Mabelele aliamuru nusu ya mbegu zake mwenyewe zirudishwe ghalani na mlango ufungwe. Alijiambia, "Mambo yakiharibika, hizi ndizo zitakazowaokoa watu wangu." Alijiambia hivyo mpaka akaamini.

Mvua ya kwanza ikanyesha vizuri, mbuga ikawa kijani. Kisha ikakatika. Jua likawaka siku baada ya siku, miche ikanyauka, ikakauka, upepo ukaipeperusha. Watu wakachimba mizizi. Wakaanza kuzika.

Halafu mvua ikarudi, kubwa, ya kushiba, kama Holo alivyosema. Ardhi ikalainika. Watu walisimama milangoni wakiitazama, na hakuna aliyekuwa na punje ya kupanda.

Mtemi alikaa ndani akiisikiliza mvua juu ya paa. Ghala lake lilikuwa na mbegu. Akilifungua, watu watapanda na kupona, lakini watajua. Asipolifungua, hakuna atakayejua kitu, na watakufa. Aliisikiliza mpaka mkewe akamwambia, "Hii mvua haikungoji wewe umalize kuona haya."

Akalifungua.

Watu walikuja mbio na mifuko yao mitupu. Wa kwanza alikuwa Kabula. Mgongoni hakuwa na mtoto. Mtemi mwenyewe alimjazia mfuko kwa mikono yake, na Kabula akaupokea, akautazama, asiondoke.

"Mtemi, siku ile ulimwaga zote," alisema. "Hizi zimebaki vipi?"

Mabelele angeweza kusema zimetoka kwa jirani, na wangemwamini.

"Nilijua, mama. Niliambiwa. Niliwaona mmechoka, nikaogopa mtavunjika moyo na kuhama."

"Ungetuambia tungelia siku ile ile," alisema Kabula. "Kulia tumekuzoea. Ningepanda nusu, na mwanangu ningekuwa naye hapa mgongoni."

Alifunga mfuko wake akaenda kupanda, maana mvua ilikuwa inanyesha. Wengine wakapokea nyuma yake, mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana mtemi, na hakuna aliyemshukuru.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Holo, na mfuko wake nao ulikuwa mtupu.

"Hata wewe?" mtemi aliuliza. "Wewe si ulijua?"

"Shamba langu liko njiani, Mtemi. Ningeacha nusu bila kupanda, kila anayepita angeelewa, na mimi nilikuapia. Nimeona haya kwa kiapo kile kuliko unavyoona haya wewe."

Mtama wa ghala ulitosha kuwavusha waliobaki.

Masika yaliyofuata watu walikusanyika tena uwanjani. Safari hii Holo alikuwa ameona mwaka mwema, usio na shaka yoyote. Mtemi Mabelele akachota konzi, akaunyoosha mkono juu watu wote waone, akaumwaga mtama wote chini. Ilikuwa kweli tupu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu waligeuka, wote, wakamtazama Holo, mpaka Holo alipoitikia kwa kichwa. Ndipo wakaenda kupanda.

Mtemi alibaki uwanjani peke yake, mkono bado uko wazi.

Funzo: Anayekutegemea mwambie habari mbaya mapema, hata kama atalia mbele yako, kwa sababu anayelia mapema bado ana nafasi ya kujiokoa. Ukimficha kwa kumwonea huruma, utamnyang'anya nafasi hiyo, na siku utakayomwambia ukweli hatakuamini tena.